Jina ni la Nani?

Aghalabu katika visiwa na mwambao mtoto akizaliwa hukaa siku saba, ndipo akafanyiwa akika na jina lake likatajwa mbele ya jamaa. Siku hizo saba zina kazi yake. Wazee hushauriana, bibi humkumbuka marehemu ambaye hataki jina lake lipotee, baba hukubali, kwa moyo mkunjufu au kwa shingo upande, kwamba jina alilolichagua yeye silo litakalokuwa. Mtoto mmoja hupewa jina moja na baraza zima la watu, na watu hao ndio watakaomwita kwa jina hilo umri wake wote.

Ipo kazi nyingine ya kutoa majina ambayo haina siku saba wala baraza. Ichukuliwe ofisi yenye kompyuta 240 zilizounganishwa kwa mtandao mmoja. Kila kompyuta ilipotolewa katika boksi ilikuja na jina lililotungwa na mashine yenyewe. Katika mfumo wa Windows 10, mathalan, jina hilo huwa ni neno DESKTOP, kistari, kisha herufi na tarakimu saba zisizo na maana. Mtunza mtandao hawezi kufanya kazi kwa majina hayo. Anataka akilitazama jina ajue mara moja kwamba kompyuta hii ni ya uhasibu na ile ni ya masjala. Kuzunguka meza 240, kumwomba kila karani ainuke, kuandika jina jipya na kuiwasha mashine upya, ni kazi ya siku nyingi. Basi anaandika orodha yenye safu mbili: jina la zamani kushoto, jina jipya kulia. Kisha anatunga programu fupi, pengine mistari isiyozidi ishirini, inayoisoma orodha hiyo mstari baada ya mstari na kuiamrisha kila kompyuta, kwa njia ya mtandao, ibadili jina lake kisha ijizime na kujiwasha. Saa nne ya usiku, ofisi ikiwa tupu, anabonyeza kitufe kimoja. Kulipopambazuka majina 240 yamekufa na mengine 240 yamezaliwa.

Je, katika jambo hili mna suala lolote la maadili? Wengi watajibu hapana, na hoja yao si dhaifu. Kompyuta haina nafsi. Haioni fahari wala haya kwa jina lake. Haitaugua kwa kuitwa vingine. Hata hivyo, swali la maadili halimhusu mwenye kuitwa peke yake. Linamhusu pia mwenye kuita, na mwenye mamlaka ya kuamua kitu kiitwe nini. Swali lenyewe, kwa ufupi, ni hili: jina ni mali ya nani?

Swali hilo lina umri mkubwa. Plato, katika mazungumzo yanayojulikana kwa jina la Cratylus, aliwaweka watu wawili wenye rai mbili. Cratylus aliamini kwamba kila kitu kina jina lake la haki litokanalo na dhati ya kitu chenyewe. Hermogenes alishikilia kwamba jina ni mapatano tu: watu wakikubaliana kukiita kitu hivi, basi ndivyo kiitwavyo, na wakibadilisha kesho, jina jipya litakuwa sahihi sawasawa na lile la zamani. Mtunza mtandao, bila ya kumsoma Plato, yumo katika chama cha Hermogenes. Orodha yake ya safu mbili ni ushahidi kwamba hakuna kompyuta yenye jina la asili.

Lakini katika mazungumzo hayo Socrates anatia hoja ya tatu, ambayo wakaazi wa visiwani wataielewa upesi. Seremala, anasema, ndiye anayeuchonga usukani, lakini anayeweza kuamua kama usukani ni mzuri ni nahodha, kwani yeye ndiye atakayeushika. Vivyo hivyo mtoaji wa majina ni fundi tu. Anayestahili kuihukumu kazi yake ni yule atakayeyatumia majina hayo. Hoja hiyo haisemi kwamba jina linatokana na asili, wala haisemi kwamba mtu anaweza kutoa jina lolote apendavyo. Inasema kwamba jina ni chombo, na chombo kina mtumiaji.

Katika ofisi, nani nahodha? Karani wa uhasibu anayetafuta printa iliyounganishwa na kompyuta ya mwenzake huitafuta kwa jina la kompyuta hiyo. Faili la mishahara lililowekwa kwenye mashine fulani hufunguliwa kwa njia inayoanza na jina la mashine. Kazi ya kuhifadhi nakala za akiba kila usiku imeelekezwa kwa jina. Na mtu akikwama, akampigia simu fundi, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: kompyuta yako inaitwaje? Hao wote ndio wenye kulishika jina. Mtunza mtandao amelichonga.

Zamani ukaribu baina ya mchongaji na mshikaji ulikuwa mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za ARPANET, mtandao ulioizaa intaneti, yaliandikwa katika faili moja tu, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kituo cha taarifa katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California, chini ya uongozi wa Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuongeza jina au kulibadili alikiarifu kituo, kituo kikaandika, wengine wote wakanakili. Mtandao ulipokua faili hilo likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, ambamo kila mwenye eneo lake hutunza majina ya eneo lake. Mwezi Agosti 1990 Don Libes aliandika waraka mfupi, RFC 1178, wa kuwashauri watu namna ya kuipa kompyuta jina. Alionya kwamba mashine isiitwe kwa kazi inayoifanya, maana kazi hubadilika na jina hubakia; isiitwe kwa jina la mtu mwenyewe; jina lisiwe refu; na akaona vyema mashine za mahali pamoja zipewe majina ya jamii moja, kama vile rangi au maua. Ni ushauri wa zama ambazo aliyeipa mashine jina na aliyeitumia walikuwa mtu mmoja, au watu wawili wa chumba kimoja.

Zama hizo zilipita. Katika miaka ya 2010 mafundi wakaanza kusema kwamba seva za zamani zilikuwa kama wanyama wa kufugwa nyumbani, zenye majina na zenye kuuguzwa, ilhali za sasa ni kama ng'ombe wa kundi, zenye namba tu, ambapo ikiugua moja huondolewa na kuletwa nyingine. Mfano huo ungemshangaza mfugaji wa Kimaasai au wa Kidinka, ambaye humjua ng'ombe wake mmoja mmoja. Lakini makusudio yake yanafahamika: wingi ukizidi, jina hugeuka kuwa anwani, na anwani hutolewa kwa mpango.

Mpango nao una masharti yake. Katika mitandao ya Windows jina la kompyuta bado hubanwa katika herufi 15. Huo ni urithi wa NetBIOS, utaratibu uliotengenezwa mwaka 1983 kwa ajili ya mtandao wa kompyuta za IBM: jina lina nafasi 16, na Microsoft huitenga ya mwisho ili kuonyesha aina ya huduma. Mtunzi wa mashairi aliyezoea kubana maneno katika mizani kumi na sita ataielewa dhiki hiyo. UHASIBU-GH2-07, yaani kompyuta ya saba ya uhasibu katika ghorofa ya pili, ni herufi na alama 14; inatosha, kwa shida. Lakini tofauti na mshairi, mtunza mtandao akiisha kupata kipimo kimoja hukitia katika programu, na programu humaliza diwani nzima kwa usiku mmoja.

Hapo ndipo tabia ya kosa inapobadilika. Mtu anayezunguka kwa miguu akikosea hukosea mara moja, mbele ya meza moja, na mwenye meza yupo amwambie. Programu ikikosea hukosea mara 240 kwa uaminifu uleule iliopatia. Ichukuliwe kwamba imeamuliwa kila namba isogee mbele kwa moja: 07 iwe 08, na 08 iwe 09. Programu ikianza mwanzo wa orodha, mstari wa kwanza tu utagonga ukuta, kwa kuwa 08 bado ipo na mtandao haukubali mbili. Yabidi ianze mwisho, kama watu waliokaa kwenye benchi moja wakitakiwa wasogee: wa kuanza ni wa pembeni. Watu wawili wa jina moja wakikutana hufurahi, wakaitana somo au wajina, na pengine undugu ukaanzia hapo. Mtandao haumjui wajina. Kwake majina mawili yaliyo sawa ni ugomvi.

Kisha kuna kompyuta zilizokuwa zimezimwa usiku huo, na laptopu zilizochukuliwa nyumbani. Hizo amri haikuzifikia. Asubuhi ofisi ina miji miwili: uliobadilishwa jina na usiobadilishwa. Na kuna kitu kimoja ambacho hakuna programu inayoweza kukibadilisha, nacho ni stika iliyogandishwa juu ya boksi la mashine. Karani anapiga simu, anaulizwa jina, anasoma stika kwa sauti ya yakini. Fundi, aliye jengo jingine, anaiandika na kuingia kwa njia ya mtandao katika kompyuta ambayo leo inaitwa hivyo, lakini siyo ile iliyo mbele ya karani. Anafuta asichotumwa kufuta. Kila mmoja kati yao amesema kweli.

Hasara ya faili yaweza kurekebishwa kama nakala ya akiba ipo. Lipo jambo zito kuliko hilo. Kompyuta huweka daftari la matukio: siku fulani, saa fulani, mashine fulani ilifunguliwa, kitu fulani kikafutwa. Matukio huandikwa kwa jina ambalo mashine ilikuwa nalo wakati huo. Mathalan, mwezi wa Machi daftari limeandika kwamba UHASIBU-07 iliingia usiku katika orodha ya malipo. Mwezi wa Juni majina yakabadilishwa. Iliyokuwa UHASIBU-07 ikahamishiwa masjala na kuitwa MASJALA-03, na jina la UHASIBU-07, kwa kuwa lilikuwa limebaki wazi, likapewa mashine mpya. Mwezi wa Septemba wanakuja wakaguzi. Wanasoma daftari, wanaliona jina, wanauliza mashine hiyo iko wapi, wanaonyeshwa meza. Kwenye meza hiyo amekaa mtu ambaye mwezi wa Machi hakuwa na habari ya orodha ya malipo.

Daftari halikusema uongo. Orodha ya majina haikusema uongo. Wakaguzi walifanya kazi yao. Hata hivyo hatia imepanda juu ya jina ikasafiri kutoka meza moja hadi nyingine. Ni kweli kwamba ndani ya mfumo kila kompyuta iliyosajiliwa ina alama nyingine, mlolongo mrefu wa tarakimu, ambao haubadiliki jina linapobadilika. Mjuzi akiutafuta ataujua ukweli. Lakini mtu anayetuhumiwa hutuhumiwa kwa kile kinachosomeka. Watu huitana kwa majina, na huhukumiana kwa majina. Hapa kauli ya kwamba kompyuta haina nafsi inakosa nguvu, kwa sababu nyuma ya kila jina la kompyuta pamekaa mtu mwenye nafsi, mwenye mshahara, na mwenye heshima ya kupotezwa.

Je, basi, bora kurudi kwenye kuzunguka kwa miguu? La. Itakuwa kosa kuilaumu programu kwa sababu ya wepesi wake. Kazi ya mkono ina makosa yake: herufi iliyorukwa hapa, namba iliyorudiwa pale, na zaidi ya yote haiachi ushahidi. Aliyebadili majina 240 kwa mkono hawezi, baada ya mwezi, kueleza alifanya nini kwenye meza ya 113. Programu, kinyume chake, ni maandishi. Husomeka kabla ya kutenda. Mwenzake mtunza mtandao anaweza kuisoma mchana, akaona kwamba inaanzia upande usiofaa wa benchi. Baadhi ya amri hizo za Windows zina hata namna ya kuulizwa ingekuwaje: hutaja jambo ambalo zingelifanya, zisilifanye. Ni wanadamu wachache wenye uwezo wa kutenda kwa majaribio namna hiyo. Kwa hiyo ubaya haumo katika kuitumia programu. Umo katika kuichukulia kasi yake kuwa ni ruhusa ya kutoshauriana. Siku saba za akika hazikuwekwa kwa sababu jina ni gumu kulitamka. Kulitamka ni kazi ya pumzi moja. Ziliwekwa ili watakaolitumia wapate kufika.

Umuhimu wa jambo hili huonekana vizuri zaidi pale orodha ya safu mbili inapowageukia watu. Hermogenes, alipotaka kuthibitisha kwamba jina jipya ni sahihi kama la zamani, alitoa mfano wa watumwa: bwana humbadili mtumwa wake jina, na jina hilo jipya hushika. Msomaji wa mwambao huu hawezi kuupita mfano huo upesi. Kina Mabruki, Feruzi, Baraka na Farjalla waliobeba mizigo ya misafara ya karne ya 19, wengi wao walikuwa wamepewa majina hayo baada ya kutekwa. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa hadi Bara Hindi kisha akawaongoza wageni hadi maziwa makuu, historia inamjua kwa jina la utumwani na la mji wa ugenini. Hermogenes alisema kweli kwamba jina jipya lilishika. Asichokigusa ni kwamba aliyeitwa hakuulizwa, na kwamba hakuna aliyeiweka safu ya kushoto.

Mfano wa pili ni wa ofisi hasa. Tarehe 21 Novemba 1849, Narciso Clavería, gavana wa Ufilipino iliyokuwa chini ya Hispania, alitoa amri ya kuwapa wenyeji majina ya ukoo. Sababu yake haikuwa chuki. Watu wengi mno walikuwa wamejiita kwa majina ya watakatifu yaleyale, na makarani wa kodi hawakuweza kumtofautisha huyu na yule. Kwa lugha ya mtandao, kulikuwa na ugomvi wa majina. Kikachapishwa kitabu cha majina kwa mpangilio wa alfabeti, kurasa zake zikagawiwa mikoa, na mikoa ikazigawia miji. Hadi leo ipo miji ambayo koo nyingi hushirikiana herufi moja ya mwanzo, kwa kuwa huo ndio ukurasa uliowafikia. Karani wa kodi alipata alichokitaka. Lakini undugu ulioweza kufuatwa kwa majina ya awali ukawa mgumu kufuatwa, na jina la babu likawa habari ya kusimuliwa badala ya kuwa kitu cha kuitwa.

Kompyuta si mtu, wala mtunza mtandao si gavana. Walakini mkono ni uleule, na mazoea hujengwa katika mambo madogo. Anayezoea kuona majina 240 kama safu ya kufutwa hana budi ajichunge siku atakapokabidhiwa orodha ya wanafunzi, ya wagonjwa au ya wapiga kura, na kuambiwa kwamba majina yao hayaingii katika nafasi zilizotengwa. Hapo pia kutakuwa na programu ya mistari ishirini, na hapo pia itamaliza kabla ya alfajiri.

Anachodaiwa, kwa hakika, si kikubwa. Awaulize wanaoliita jina kabla ya kulibadili, hata kama ni kwa tangazo la siku saba ubaoni. Aijaribu programu kwa mashine tatu kabla ya kuipa 240. Abadilishe stika pamoja na jina, maana stika ndiyo isomwayo. Jina la zamani asilipe mashine nyingine mpaka yale yaliyoandikwa kwa jina hilo yawe yamekwisha kazi yake. Na orodha aliyoitumia usiku ule asiitupe asubuhi kwa kuwa kazi imekamilika. Aiandikie tarehe na kuiweka mahali ambapo hata atakayemrithi ataiona. Safu ya kulia ni kazi yake, na anaweza kujivunia. Safu ya kushoto si yake. Ni amana ya watu waliokwisha kufanya kazi kwa majina hayo, na ambao siku moja wanaweza kuhitaji kuthibitisha walikuwa wamekaa meza gani.